Naelewa mwalimu akifanya ubaoni, nikibaki peke yangu nakwama: nifanyeje na hisabati ya biashara?

*"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, nasoma usimamizi wa biashara, na tunachanganywa na wenzetu wa sosholojia katika somo moja la hisabati tumizi. Sekondari nilijikita kwenye historia na lugha. Hesabu niliponea chupuchupu. Darasani naelewa kabisa mwalimu anapofanya ubaoni. Nikirudi napitia daftari, natazama video, naelewa. Nikipewa swali jipya, hasa la maneno, nabaki nalikodolea macho. Jaribio la katikati ya muhula nimepata 31 kati ya 100, na zimebaki wiki sita. Rafiki yangu ananiambia nikariri kanuni zote. Mwingine anasema siku hizi kompyuta inafanya kila kitu. Kaka yangu anataka nihamie kozi isiyo na hesabu. Je, mtu anaweza kuzaliwa bila akili ya hesabu? Na mimi ninayetaka kufanya kazi ya masoko, hizo derivativi zitanisaidia nini?"*

Marahaba. Umejieleza vizuri kuliko unavyodhani. Ukifanyiwa unaelewa, ukiachwa peke yako unakwama, na swali la maneno ndilo linalokumaliza kabisa. Kwa mwalimu hayo ni maelezo ya kutosha, na ninavyoyasoma mimi, kisa chako si derivativi, yaani kipimo cha kasi ya kitu kubadilika. Aliyeshindwa na derivativi hukwama hata akiwekewa mlinganyo tayari mbele yake. Wewe unakwama kabla ya hapo, kwenye kuigeuza sentensi iwe hesabu. Na kwa alama hizo 31 nashuku kuna jambo la pili: hata unapofanikiwa kuanza, sehemu, asilimia na vipeo vya sekondari vinakuangusha njiani. Yote mawili yanarekebishika. Wiki sita hazitakufanya bingwa, ila zinatosha kukuvusha ukizitumia tofauti na ulivyozitumia zilizopita.

Tumalize kwanza hilo la akili ya hesabu. Wapo watu wachache wenye diskalkulia, ugumu wa kuzaliwa nao wa kuhisi wingi na kushika namba, nitawarudia mbele. Sisi wengine tunatofautiana kwa kasi, kwa msingi tuliojengewa na kwa woga. Woga nautaja makusudi. Hesabu ya hatua nyingi hufanyika kwenye kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja, na wasiwasi ukiingia unachukua nafasi humo humo. Ndiyo maana mtu anaweza kukosa robo tatu ya 80 ndani ya chumba cha mtihani, akaipata akiwa mlangoni anatoka. Huyo hajapungukiwa akili. Ni kwamba robo tatu ya 80 bado inamdai afikirie, wakati ilipaswa kuwa imeshakuwa mazoea.

Sasa hilo la kuelewa darasani na kupotea ukiwa peke yako. Mwalimu akifanya swali ubaoni, unachokiona ni mistari. Usichokiona ni maamuzi: kwa nini herufi x ameipa idadi na si bei, kwa nini ametoa badala ya kugawa, kwa nini kuna namba imetajwa kwenye swali naye kaiacha. Kila mstari ukiuona unaitikia, "ndiyo, kweli." Lakini kukubali kilichokwisha kuandikwa ni kazi nyepesi mno kuliko kukizua. Abiria anaweza kupita barabara moja miaka mingi na kuitambua kila kona, halafu siku akipewa usukani hajui akunje wapi. Video zimezidisha ubaya huo, maana zimehaririwa. Hata pale mwalimu aliposita na kufuta, pamekatwa.

Hili limepimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu kimoja cha maandishi tena na tena na wenzao waliokisoma kisha wakajipima kwa kuandika walichokumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma waliongoza. Wiki moja baadaye, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa upande wa hesabu, Rohrer na Taylor walionyesha mwaka 2007 kwamba wanafunzi waliofanya maswali ya aina tofauti yakiwa yamechanganywa walikosea zaidi wakati wa mazoezi kuliko waliofanya aina moja moja kwa mafungu, lakini kwenye mtihani wa wiki moja baadaye waliwaacha wenzao mbali. Sababu yake haina fumbo. Zoezi lenye kichwa cha habari "Riba" limeshakujibia swali gumu kuliko yote, yaani nitumie nini hapa. Mtihani hauji na vichwa vya habari.

Kwa hiyo acha kusoma daftari, anza kulifunika. Chukua swali ambalo mwalimu amelifanya, nakili maneno yake tu kwenye karatasi, funga daftari, fanya. Ukikwama, kaa nalo dakika kumi hivi, kisha fungua utazame mstari mmoja tu, ule uliokukwamisha, ufunge tena. Kesho yake lirudie likiwa limechanganyika na maswali ya mada nyingine. Siku za mwanzo utajiona umerudi nyuma. Video inakupa raha ya kuelewa, karatasi tupu inakupa aibu, na ndiyo maana wengi huikimbia. Vumilia.

Tuingie kwenye maswali ya maneno, maana hapo ndipo penye kazi. Kila namba katika hisabati ya biashara na ya sayansi ya jamii ni ya kitu fulani, na mara nyingi ni kwa kila kitu kingine: fedha kwa kila bidhaa, wateja kwa kila siku, watoto kwa kila mwanamke, watu wasio na kazi kwa kila mia wanaoitafuta au wanaoifanya. Kabla hujagusa kikokotoo, pitia swali na penseli, na pembeni ya kila namba uandike: ya nini? kwa kila nini? Fanya hivyo hivyo kwa jibu linalotakiwa. Ukijua jibu linatakiwa liwe fedha kwa kila bidhaa, nusu ya njia umeshapita. Nitakuonyesha kwa mfano mmoja, tuukaange mpaka uive.

Kiwanda kidogo kinatumia 1500 kila wiki hata kisipozalisha chochote. Kila bidhaa inakula malighafi ya 10. Juu ya hapo kuna gharama ya msongamano, kama mashine kuchoka na saa za ziada, ambayo ni 0.05 ikizidishwa na kipeo cha pili cha idadi ya bidhaa. Kiwanda kinatoa bidhaa 200 kwa wiki. Anatokea mteja anayetaka moja zaidi, ya 201, na yuko tayari kulipa 29. Auziwe?

Idadi tuiite x, gharama ya wiki tuiite G. Basi G = 1500 + 10x + 0.05x². Kwa bidhaa 200 tunapata 1500 + 2000 + 2000, yaani 5500. Darasani, wanafunzi wengi hapo hugawa mara moja: 5500 kwa 200 ni 27.5. Mteja analipa 29, tunapata 1.5 juu, auziwe. Hesabu yenyewe haina kosa hata moja, ila jibu si sahihi.

Uliza sasa: 27.5 ni ya nini? Ni fedha kwa kila bidhaa, kwa wastani wa zile 200 zote, pamoja na mgawo wa ile 1500 ambayo ingelipwa hata mteja asingekuja. Na swali limetaka nini? Fedha inayoongezeka kwa ajili ya bidhaa moja, ile ya 201. Hivyo ni vitu viwili tofauti vyenye kizio kimoja, yaani kipimo kimoja cha "nini kwa kila nini", na kufanana huko ndiko kunakowaponza watu. Tufanye inavyotakiwa. Kwa bidhaa 201, G ni 1500 + 2010 + 2020.05, yaani 5530.05. Toa 5500. Bidhaa hiyo moja imegharimu 30.05. Ukiiuza kwa 29 umepoteza 1.05.

Geuza kidogo. Kiwanda kingekuwa kinatoa bidhaa 100, gharama ya wiki ingekuwa 3000 na wastani 30. Anayetazama wastani angemfukuza mteja wa 29. Lakini bidhaa ya 101 ingegharimu 20.05 tu, kwa hiyo mteja yule alikuwa anamletea karibu 9 mkononi. Wastani ule ule uliomponza kwa kumfanya akubali, safari hii unamponza kwa kumfanya akatae.

Derivativi iko wapi hapa? Umeshaifanya. Derivativi ya G ni 10 + 0.1x, na kwa x = 200 inakupa 30. Ni njia ya mkato ya ule utoaji wa 5530.05 na 5500. Tofauti ya 0.05 inatokana na kwamba derivativi inapima mteremko wa grafu pale pale penye 200, wakati bidhaa ya 201 ni hatua nzima mbele. Kwa mwenye kiwanda, 0.05 si kitu. Na kizio chake kitazame vizuri: fedha kwa kila bidhaa moja ya ziada. Anayeshika hilo hahitaji kukariri kwamba faida ya juu kabisa iko pale mapato ya bidhaa ya mwisho yanapolingana na gharama yake. Anaona mwenyewe kwamba kabla ya hapo kila bidhaa inaongeza faida, na baada ya hapo inaila. Cournot, mwanahisabati wa Ufaransa, alilitumia wazo hilo mwaka 1838.

Umeuliza kuhusu masoko. Chukua bei. Ukipandisha bei kwa asilimia 10 na idadi ya bidhaa zinazouzwa ikashuka kwa asilimia 15, mapato yanakuwa 1.10 mara 0.85 ya yale ya awali, yaani 0.935. Umepandisha bei, mapato yakashuka kwa asilimia 6.5. Wachumi huita uhusiano huo unyumbufu wa mahitaji: asilimia ngapi za mauzo zinaondoka kwa kila asilimia moja ya bei. Ni derivativi iliyovuliwa vizio ili bidhaa zisizofanana ziweze kulinganishwa. Mtu wa masoko atakutana nayo kila mwajiri wake anapotaka kubadili bei, hata kama hakuna atakayeitaja kwa jina.

Angalia pia kwamba sikusema "imepanda 10, imeshuka 15, basi imepungua 5". Asilimia hazijumlishwi kiholela, kwa sababu kila moja ina asili yake, yaani namba inayohesabiwa kuwa mia. Bei ya 100 ikishuka asilimia 20 inakuwa 80, ikipanda asilimia 20 inakuwa 96, kwani ile 20 ya pili ni ya 80. Na riba ikitoka asilimia 8 kwenda 10, imepanda kwa pointi mbili za asilimia, lakini imepanda kwa robo ya ilivyokuwa. Magazeti huchanganya mambo hayo mawili kila siku, na watunga mitihani wanalijua hilo.

Waambie na wenzako wa sosholojia wasijione wako nje ya hili. Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikubali takriban asilimia 44 ya wanaume walioomba masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza, na takriban asilimia 35 ya wanawake. Kwa namba hizo tu ungesema wanawake wamebaguliwa. Wachambuzi walipotazama idara moja moja, matokeo waliyoyachapisha mwaka 1975, pengo likayeyuka kwa sehemu kubwa, na katika baadhi ya idara wanawake ndio waliokubaliwa kwa kiwango cha juu zaidi. Kumbe wanawake wengi walikuwa wameomba idara zenye nafasi chache, zinazokataa watu wengi wa jinsia zote. Hakuna kalkulasi, yaani hesabu za derivativi na jamaa zake, hapo hata chembe. Ni kiasi na asili, namba ya juu na ya chini ya sehemu, pamoja na swali lile lile: asilimia 35 ya nani, walioomba wapi?

Kukariri kanuni, basi. Rafiki yako hajakosea kabisa. Kanuni chache lazima zikae kichwani, na kanuni za derivativi kwa somo lenu hazizidi nne au tano. Lakini kanuni isiyo na kizio haikwambii inatumika lini. Kwa kila moja unayoikariri, andika chini yake sentensi ya kwako mwenyewe inayosema kila herufi ni ya nini. Ukishindwa kuiandika, hiyo bado hujaijua, hata kama unaiimba.

Kompyuta nayo inafanya mengi, tena vizuri. Excel ingekupa 27.5 bila kusita, na ingekuwa sahihi kabisa, nawe ungemuuzia mteja yule kwa hasara. Programu hujibu ulichouliza. Itumie kuhakiki: ukipata jibu kwa mkono, tengeneza jedwali lenye x ya 190, 200 na 210, utazame kama namba zinasogea ulivyotegemea. Hilo nalipenda kuliko kuhakiki kwa majibu ya nyuma ya kitabu, maana linakufundisha kushuku.

Kuhusu wiki sita zenyewe, nitakuwa mkweli: huwezi kurudia sekondari yote na hupaswi kujaribu. Trigonometria iache, isipokuwa kama muhtasari wa somo lenu umeitaja. Uthibitisho wa kanuni uache. Wiki mbili za kwanza, robo tatu ya muda wako uende kwenye sehemu, asilimia, vipeo na kutafuta x katika mlinganyo, mpaka uvifanye bila kufikiri. Inaudhi mtu wa chuo kikuu kukaa na 2/3 kujumlisha 1/5, najua. Lakini nimesahihisha karatasi nyingi ambazo derivativi yake ilikuwa safi na alama zikapotelea kwenye kuhamisha namba kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda mwingine. Kisha grafu za mstari na za kipeo cha pili, kisha derivativi na matumizi yake, kisha riba na logi. Matriki yaweke mwisho; hatua zake ni ndefu ila hazina ujanja, na mtu makini huokota alama humo kwa haraka.

Kwenye riba utakutana na namba e, na wengi huiogopa bure. Jacob Bernoulli aliikuta mwaka 1683 akichunguza riba juu ya riba. Weka 1 kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka: ikihesabiwa mara moja unapata 2, mara mbili kwa mwaka, 2.25, kila mwezi, karibu 2.613, kila siku, karibu 2.7146. Hata ukizidi kuugawa mwaka, jumla haipiti 2.71828 na kitu, na hiyo ndiyo e. Kaa na kikokotoo uyapate mwenyewe hayo matokeo manne, ni kazi ya dakika tano.

Kama somo lenu lina takwimu ndani yake, shika jambo moja kabla ya mengine: uhakika wa sampuli unakua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu, si kwa idadi yenyewe. Ukihoji watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, asilimia unayoipata inaweza kupotoka kwa takriban pointi 5 juu au chini. Kuipunguza hadi 2.5 unahitaji watu 1600, yaani mara nne.

Msaada wa ana kwa ana utafute mapema, wiki hii hii, usisubiri wiki ya tano ambapo foleni ya mlango wa mwalimu haiishi. Ukienda, usiseme "sijaelewa derivativi". Beba maswali mawili au matatu uliyoyajaribu mpaka ukakwama, pamoja na makosa yake yote, bila kufuta. Mwalimu akiona mstari ulipopindia atakusaidia zaidi kwa dakika kumi kuliko kwa saa nzima ya kuanza upya. Kikundi cha wenzako kinafaa kwa sharti moja: kila mtu awe amejaribu kwanza peke yake, la sivyo mmoja atafanya na wanne watakuwa wanaitikia. Mwalimu wa kulipwa si lazima, na akiwa mtu wa kukufanyia maswali utakuwa umenunua video nyingine.

Yapo mambo mawili ambayo ushauri wangu hautoshi. Kama tangu utotoni umekuwa ukibadilisha tarakimu, ukishindwa kusoma saa ya mishale, ukihesabu kwa vidole hata 6 na 7, na ukipata shida kusema ipi kubwa kati ya namba mbili, omba kupimwa diskalkulia na mtaalamu wa ujifunzaji. Vyuo vingi humpa mwenye tatizo hilo muda wa ziada. Na kama ukiiona karatasi ya hesabu moyo unakwenda mbio, unatetemeka au unakosa usingizi siku kadhaa kabla ya mtihani, mwone mshauri wa wanafunzi sambamba na mwalimu wa somo. Mazoezi pekee hayatatosha hapo.

Kaka yako msikilize, ila usimpe jibu kabla hujajaribu swali moja la maneno kila siku kwa wiki mbili, daftari likiwa limefungwa. Kisha nenda ofisi ya kitivo uombe orodha ya masomo ya kozi anayokushauri, miaka yote, si wa kwanza tu. Kozi nyingi za sayansi ya jamii zina takwimu na mbinu za utafiti mwaka wa pili au wa tatu, na huko utakutana na sehemu na asilimia zile zile. Ukikuta kozi unayoipenda kwa maudhui yake, hama kwa moyo mweupe. Na kama hata baada ya wiki hizo mbili sehemu bado zinakushinda, uliza kama chuo chenu kinaruhusu kuahirisha somo hili na kuanza na kozi ya maandalizi. Mwisho wa kuomba hilo kwa kawaida huwa kabla ya mtihani, kwa hiyo tarehe yake iulize siku hiyo hiyo ukiwa pale ofisini.